Mizani ya Encho

Tunaanza saa kumi na moja alfajiri,
kabla jua halijavuka mlima likayanyonya mafuta
ndani ya mawaridi ya bonde la Kazanlaki.
Zdravka mstari wake, mimi wangu,
katikati yetu kichaka, umande, na ukimya wa watu
ambao hawajanywa kahawa.

Mwanawe Radoslavi ni dereva wa lori.
Tangu Jumanne hajapiga simu.
Leo Ijumaa.

Gunia halijafika nusu
na Zdravka ameshamzika mara tatu.

Kwanza njiani kuelekea Gdanski: mvua, tairi, ukingo wa daraja.
Kisha wodini, katika mji asioujua jina,
daktari anavua miwani kabla ya kusema neno.
Mara ya tatu kaenda mbali zaidi:
kachagua jeneza, kabishana na padri juu ya bei ya mishumaa,
kamwona mkwewe makaburini kavaa viatu vyekundu,
na hasira zikamkaba koo.

Viatu hivyo havijanunuliwa.
Miguu yenyewe saa hii iko pekupeku
kwenye jiko fulani la Plovdivi, inasubiri chai ichemke.
Lakini machozi anayoyafuta kwa mkono wa sweta
ni ya kweli, yana chumvi yake:
maji halisi
yanamwagwa kuzima moto wa kuchora.

Akili ndivyo ilivyo. Ipe uzi mmoja,
itakushonea sanda.

Ndipo mwiba ukamwingia, chini ya ukucha wa dole gumba.
Akaguta neno ambalo siliandiki hapa.
Akauinua mkono kwenye mwanga mchanga,
akautazama: tone moja, jekundu,
likisita kama mtoto kwenye mlango wa wageni.

Maumivu yalikuwa na ukubwa wa mwiba.
Hayakuwa na jana, hayakuwa na Gdanski.
Kwa pumzi tatu, labda nne,
nyuki walikuwa nyuki,
trekta ya Encho ilikoroma kule chini,
na Zdravka akageuza uso kama aliyeitwa.
"Yananukia," akasema.
"Miaka kumi na tisa nayachuma. Yananukia, jamani."

Sisemi mwiba ni dawa.
Kabla damu haijakauka
lori likamrudia kichwani na taa zake zote.
"Unadhani amekufa?"
"Sijui."
"Hata mimi sijui,"
akasema polepole, akilionja neno
kama mtu aliyepewa mkate mkavu, akakuta unalika.

Saa mbili na nusu tukashuka mizanini.
Encho hasalimii mtu. Hutundika gunia, huikodolea sindano.
"Thelathini na moja."
Uzito wa maua, na wa umande, na wa gunia lenyewe.
Misiba mitatu ya asubuhi ile haikuisogeza sindano
hata unywele mmoja.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni.
Akaangusha gunia tupu, akasoma kwa sauti, neno kwa neno:
kampuni ya simu, inamkumbusha salio.
Tulicheka mpaka Encho akatusalimia.

Radoslavi hajapiga bado.

Nami nisijitie uongofu. Nina barua ya benki
chini ya kitambaa cha meza, ina tarehe ya Oktoba.
Nimeshahamishwa nyumbani kwangu mara arobaini,
vyombo nje, kuku wameduwaa,
na bado ni Mei.

Mstari wa tatu unatungoja, jua limeshapata nguvu.
Zdravka anaukunja mkono, anaukunjua,
kidole kimoja kimefungwa jani.
Ua lililo mbele yangu limelowa.
Nalishika chini, penye kikonyo. Linakatika:
tak.