Usukani Unacheza

Uyole, saa moja asubuhi, ukungu haujaamua.
Haisi imekaa juu ya mawe na jeki moja.
Miguu yote minne huvuta,
kichwa ndicho hakisikii.

"Zungusha," Lwitiko anasema toka chini.
Nazungusha. Robo nzima ya duara
kabla matairi hayajajibu.
"Rudisha. Polepole, kama unamkanda mgonjwa."

Gari hili lilibeba maua huko Japani;
maandishi yapo mlangoni, hakuna ayasomaye.
Sisi tuling'oa viti, tukatoboa paa,
tukaweka kitanda, jiko, pipa la maji,
nyumba ya kulala minadani, Igawa hadi Makambako,
juu ya marobota ya mitumba.
Mteremko wa Inyala lilinivuta kushoto,
nikalivuta kulia,
tukafika hivyo, kwa kubishana.

Spana inalia. Reki inateremshwa,
na pale palipopaswa kuwa na bushi
pana kipande cha ndala, cha bluu,
kimekatwa kwa wembe, kimefungwa waya.

"Fundi gani huyu?" Lwitiko anacheka.

Ndala yangu. Ile ya kushoto.
Asajile aliapa imebebwa na mbwa,
nami nikamnunia siku mbili.
Siku mbili,
katika zile chache tulizobakiwa nazo.

Bushi mpya, elfu kumi na nane. Grisi. Nati inakazwa.
"Zungusha." Nagusa tu, matairi yanageuka.

Kipande nimekitia mfukoni.
Njia ya Chimala, gari limenyooka,
na mikono yangu, iliyozoea ubishi,
bado inavuta kulia.