Mbawa Zilizokawa

Hillechien ana vikopo arubaini
vilivyofukiwa mchangani hadi midomoni.
Kila Jumanne, inyeshe isinyeshe,
hupiga magoti kama anayeomba radhi
akatoa kilichodondoka usiku.

Hii ni Drenthe, kaskazini mwa Uholanzi,
nyika ya maua ya zambarau
iliyokwenda zamani hadi macho yachoke.
Kondoo wa babu yake walitoka alfajiri
wakalala wilaya nyingine.
Kisha likaja jembe, vikaja viazi,
ikaja barabara kuu ya njia sita,
na nyika ikabaki viraka,
visiwa visivyo na maji ya kuvizunguka.

Anamlaza mbawakawa kifudifudi chini ya lenzi,
anafunua gamba la mgongo kwa ncha ya pini.
Anatafuta mbawa.
Anakuta kijiganda, kama ukucha wa mtoto mchanga,
neno lililoanza kusemwa likaachwa.
Anaandika: fupi.
Fupi. Fupi.
Mwaka alioanza, mmoja kati ya watano aliweza kuruka.
Sasa hupekua mia ndipo ampate mmoja.
Nilimweleza jina la mdudu huyu kwa lugha yangu:
mbawa, halafu kawa.
Mbawa zimekawa.
Alicheka, akaniambia nimwandikie pembeni.

Watu humuuliza zimekwenda wapi,
wakidhani mbawa huchakaa kama buti.
Hapana, husema. Hakuna mbawakawa aliyeamua.
Mwenye mbawa aliruka.
Alipita juu ya viazi, juu ya lami,
akashuka penye kung'aa akidhani ni kidimbwi,
kumbe ni paa la gari.
Hakurudi kutaga.
Aliyebaki ndiye aliyetaga,
na mayai hayana habari za waliokwenda.

Ana kaka, Lammert,
aliyehamia ardhi iliyotolewa chini ya bahari
wakati matope yake yakinuka samaki bado.
Huko hakukuwa na mwenyeji wa kumpokea mtu,
wala mdudu wa kumpokea mdudu.
Siku moja alimletea dadake zawadi: kiberiti,
ndani yake mbawakawa wa jamii ile ile.
Alipomfunua, mbawa zilikuwa ndefu, zimekunjwa
kama barua ndani ya bahasha.
Wa huko wote wako hivyo, alisema Hillechien.
Wa miguu wangali njiani.
Kisha akamtazama kaka yake muda mrefu,
akainuka kuchemsha kahawa.

Lugha yangu ina methali mbili zisizosalimiana.
Mtembezi hula miguu yake, yasema moja.
Nyingine: mkaa bure si sawa na mtembea bure.
Tangu shule nilidhani moja lazima iwe ya uongo.
Kumbe kila moja ina anwani yake,
ya kwanza humu kirakani,
ya pili kule kwenye udongo mpya,
na mwamuzi si mzee wala mwalimu,
ni hatua ngapi
kutoka kichaka hadi kichaka.

Juzi wamejenga daraja lisilo la watu:
mchanga juu, vichaka juu, malori chini.
Palikuwa na hotuba, na keki yenye picha ya kulungu.
Hillechien alifukia vikopo vinne katikati.
Wiki thelathini: buibui, chura,
kizibo cha chupa.
Wiki ya thelathini na moja, mbawakawa.
Fupi.
Hatukujua alikuwa akienda au akirudi.

Nikauliza: njia ikidumu, mbawa zitarejea?
Alikaa kimya hadi malori matatu yakapita.
Zirejee kufanya nini, akasema,
na sasa pana pa kupita kwa miguu?
Akamweka mdudu pale pale alipomtoa,
asimchagulie upande.
Lakini kwanza alitoa rula ndogo,
na daftarini, kando ya safu ya miaka hamsini,
akachora nyingine, tupu, akaiandika juu:
urefu wa mguu.