Alama Nne

Mei imeingia Duluth, na ziwa bado lina mabaka ya barafu
kama ukoko uliogoma kutoka sufuriani.
Mtihani ni kesho kutwa, saa sita mchana.
Nina kadi mia mbili na kumi na moja,
nchi sita, kila nchi na mpira wake wa nywele:
Uchina mwekundu (ubunifu uliniishia),
Naijeria kijani, Meksiko njano, Uingereza buluu,
Urusi ule wa kijivu uliokaribia kukatika,
na Irani mweusi, kwa kuwa ndio uliosalia.

Bi. Lindqvist alituonya: msikariri, linganisheni.
Nchi ikiwa peke yake ni bubu,
iketishe na mwenzake uone itakavyosema.
Tovah aliyaandika hayo kiganjani.
Mimi nabukua tu, maji yamenifika shingoni.

Baba karudi zamu ya jioni, kiwanda cha karatasi
kingali kinanuka kwenye koti lake.
Niulize, namwambia.
Ananawa, anavaa miwani, anavuta kiti.
Kiingereza chake hukisoma
kama mtu anayevuka barabara yenye utelezi.

Rais wa Naijeria hushindaje?
Kura nyingi kuliko wote,
tena robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo.
Sawa.

Rais wa Meksiko?
Miaka sita, muhula mmoja, harudi.
Harudi? Hata akiomba?
Hata akilia, Baba.
Anacheka mpaka miwani inateleza.

Katiba ya Uingereza iko wapi?
Haiko mahali pamoja. Iko kwenye sheria,
kwenye hukumu, kwenye mazoea.
Kama mapishi ya mama yako, anasema,
na Mama, jikoni, anagonga kifuniko makusudi.

Kisha akafungua mpira mweusi.

Eleza jinsi Baraza la Walinzi
linavyoathiri ushindani wa uchaguzi.
Nikaanza kwa sauti ya jokofu:
watu kumi na wawili, sita mafakihi, sita wanasheria,
huchuja wagombea kabla mpiga kura hajaamka...

Aliigeuza kadi, akatazama nyuma
kama anayetafuta bei.
Hili lina alama ngapi?
Swali zima? Nne.

Nne, alisema.
Kaka yangu Kiyumars alilijibu
ukutani, kwa rangi ya kunyunyiza, usiku mmoja.
Alipewa sita.
Miaka.

Mimi siku zote niliambiwa Ami Kiyumars alikuwa safarini.

Mama aliacha kugonga.
Nilitaka kuuliza ukuta upi, rangi gani,
aliandika sentensi kamili au maneno matatu tu.
Lakini Baba alikuwa tayari na kadi inayofuata:
Urusi, mabunge mangapi?
Nikasema moja. Ni mawili.
Hakunisahihisha.

Jumanne alinisubiri nje ya shule, injini ikinguruma.
Lilikuja?
Lilikuja.
Walitaka mfano?
Mmoja, mahususi.
Ukaandika nini?

Niliandika: huchuja wagombea.

Akaangalia kioo, akaangalia nyuma,
akaingiza gari barabarani polepole.
Sahihi, alisema.
Kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya saa,
mpira mweusi wa nywele
ulikuwa umeacha alama.