Ngiri

Miaka tisa nimelala nimeketi,
mito minne mgongoni, mmoja chini ya kwapa,
kama mgeni aliyeachwa na basi
akaambiwa asubiri papo hapo kwenye kochi.
Pembeni Eliamringi amenyooka, anakoroma,
nami nahesabu malori ya mchanga yakipanda Kibosho,
moto nao ukinipanda kifuani.

Kiungulia. Neno dogo, la wajawazito.
Wenzangu wa Kiboriloni walicheka:
"Mtoto atazaliwa na nywele nyingi!"
Mtoto gani, na miaka yangu hamsini na miwili?
Mpishi wa sherehe, kilo mia na thelathini na moja,
mwiko mkononi, naonja pilau ya watu mia nne
na koo limeungua kabla ya sufuria.

Nimekunywa magadi. Nimekunywa maziwa baridi.
Nimetafuna mhogo mbichi, nimelamba majivu
aliyoyachekecha mama mkwe kwa mkono wake.
Muuza dawa wa Mbuyuni alifika mahali
akiniona tu, anahesabu vidonge.
Na kila aliyenipa dawa alinifungia na hukumu:
punguza kula, Ndeshi.
Punguza kula.

Daktari alikuwa kijana, ana kalamu inayovuja.
Akachora nyuma ya risiti yangu:
hiki kifua, hili tumbo,
na hapa katikati kiwambo,
kimewambwa kama ngozi ya ngoma.
"Ngozi yako ina tundu, mama.
Kipande cha tumbo kimepenya juu.
Hiyo ndiyo ngiri."

Nikacheka mpaka nikaungua.

Ngiri namjua. Baba alilinda mahindi kule Kahe.
Ngiri huingia shimoni kinyumenyume,
matako kwanza, meno yanabaki mlangoni
kumngoja atakayeinama kuchungulia.
Kumbe wangu aliingia na kichwa,
akakwama, miaka yote anarusha mateke,
na mimi mateke yake nikayaita ulafi,
nikayapeleka kitubioni.

"Tumbo tutalipunguza," akasema,
"na tukiwa humo humo
tutamvuta huyu arudi chini, tushone tundu.
Tukiliacha, utakonda
na bado utaungua."

Siku hiyo mlima haukuonekana, wala sikuutafuta.
Nilitazama viatu vya nesi:
soli ya kushoto ilishonwa na fundi wa barabarani,
uzi mweusi, mishono mirefu ya haraka.
Nikaomba wangu wanishonee polepole.
Manka alikaa kwenye benchi saa nne na nusu;
aliniambia baadaye alikula maandazi saba
kwa hasira tu.

Niliamka na vidonda vitano, vidogo kama vifungo vya shati.
Wiki ya kwanza maji, kwa kifuniko cha chupa.
Wiki ya tatu mtori uliochujwa, vijiko vinne,
nami niliyepika masufuria ya kuogea mtoto
nikahema, nikaweka kijiko chini: nimeshiba.
Nililia kidogo. Sikujua namlilia nani.

Sasa kanisani wananishika mkono wakiupima.
"Umepungua!" Mwingine kwa sauti ya chini: "Unaumwa?"
Wananisoma gauni, wananisoma shingo.
Hakuna anayeuliza habari za tundu,
na mimi siwezi kufungua kifua mbele ya kwaya
niwaonyeshe uzi.

Sijapona kama wanavyopona kwenye ushuhuda.
Nikila baada ya saa mbili usiku
ngiri hukohoa huko chini, kunikumbusha
kwamba amefungiwa, hajafa.
Kidonge kimoja bado nameza, alfajiri.

Lakini mwezi wa pili nilitoa mto wa kwanza.
Kesho yake wa pili. Jumamosi nikatoa yote,
nikajilaza polepole, kama mtu anayeingia maji asiyoyajua,
mpaka kisogo kikagusa godoro.
Nikangoja moto.
Malori yakapita, mawili, matatu.

Juu yangu kulikuwa na doa, pana, la rangi ya chai,
limezunguka taa.
"Eliamringi. Dari inavuja."
"Tangu lini?"
"Sijui. Ndiyo kwanza naiona."
Akanyamaza. Akasogea kwenye nafasi ya mito,
tukalitazama.