Ukurasa wa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili kasorobo, sitaha bado imelowa,
Bwana Ottokar wa Graz ameshapita.
Viti viwili: taulo, taulo.
Kandambili moja juu ya hiki, kitabu juu ya kile,
kisha huyo, karudi kulala.

Mimi Rodelio, mzaliwa wa Iloilo, mkunja taulo,
nina kanuni mfukoni: dakika arobaini,
halafu ondoa kilichoachwa, kwa tabasamu.
Tabasamu niligawiwa pamoja na sare.

Saa nne jua la Palma linachoma vyuma.
Mama mmoja wa Kireno na mapacha wake, maji yakiwachuruzika,
wanalizunguka bwawa mara ya tatu
wakipita taulo kavu zilizolala kifudifudi.
Hasemi neno. Ananitazama tu.

Nikakichungulia kitabu. Ukurasa wa kumi na mbili.
Tangu Barcelona, ukurasa wa kumi na mbili.

Nikakunja. Nikavibeba hadi kauntani taratibu,
kama abebaye mtoto wa wenyewe aliyesinzia.

Akaja saa sita, uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha.
"Kiti changu!"
Mapacha walikwisha lala humo, miguu kwa miguu,
mmoja kaachama.
Akasimama. Akameza alichotaka kusema.
Akachukua kandambili yake,
akaketi ukingoni, miguu ndani ya bwawa:
siku ya tano ya safari,
mara yake ya kwanza kugusa maji.

Kitabu hajakiulizia.
Kipo kauntani, kinamwekea nani nafasi, sijui.