Kizibo

Nyumba tuliyopanga Muhungu ilijengwa na watu waliosikia baridi:
ina dohani ya matofali, ndefu
kama shingo ya jogoo anayesikiliza.
Sisi twaiita shemine. Mwenye nyumba huiita hasara.

Septemba mvua iliingia kwa mlango huo wa juu,
ikashuka na masizi, na majani ya mkaratusi,
na siku moja kinda la ndege, bado uchi,
ikazima makala ninayokopa kwa M'Rubamba
kikapu kwa kikapu, mwezi kwa mwezi.

Nikapanda mimi, mwalimu wa jiografia,
ninayeyajua mawingu kwa majina,
na debe la mafuta ya mawese
nililolipasua na kulinyoosha kwa jiwe.
Nikalilaza juu ya tundu,
nikalifunga kwa waya wa redio iliyokufa,
nikaweka tofali. Kisha, kwa hofu ya upepo, la pili.
Jirani Bisimwa alipiga makofi kule chini.
Funika kombe, mwanaharamu apite, nikamjibu,
nikashuka nimeridhika, goti limechubuka.

Usiku ule mvua ilipiga debe kama inadai deni.
Ndani, pakavu.
Tuliota moto hadi saa tano,
Nsimire akaongeza makala kwa ajili ya kikohozi cha mtoto,
kisha tukalala, tukaota mengine.

Wahenga walitufundisha: palipo moshi pana moto.
Hawakutuambia neno juu ya moto usio na moshi,
makala mekundu, mazuri, yaliyotulia,
yasiyotoa hata uzi mmoja mweusi,
yanayojaza chumba kitu
kisicho na harufu wala rangi.

Saa nane Nsimire aliamka kwenda haja,
miguu ikamkatalia, akaanguka na ndoo.
Ndoo ndiyo iliyotuokoa. Si mimi.
Kichwa changu kilikuwa jiwe lenye mapigo.
Nilitambaa, nikavuta mlango,
nikamburuta Ansima kwa shati hadi kwenye matope,
mvua ikampiga usoni, naye kimya,
naye kimya,
kisha akatapika juu ya mkono wangu.
Nilimshukuru Mungu kwa matapishi.

Kulipokucha, kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya pazia
alikuwa bado amekaa juu ya mayai yake,
ameinamisha kichwa kama aliyesinzia misani.

Fundi Zihalirwa alikuja kutoka Kadutu na ngazi begani.
Hakucheka. Aliliinua debe kwa vidole viwili.
"Mwalimu, hiki si kifuniko. Hiki ni kizibo.
Chupa huzibwa. Nyumba haizibwi."

Kwanza akasugua: magunia mawili ya masizi, na kiota kizima.
Kisha akapima kwa shubiri, akaandika kiganjani.
Alirudi Alhamisi na bati zito, lisilo kongwe,
limekunjwa mgongo kama paa la kanisa,
kingo zake zimepita matofali ili tone lianguke nje,
limesimama juu ya miguu minne
shubiri moja na nusu kutoka tundu,
na pembeni wavu: kidole kinapita, ndege hapiti.
Akalikaza kwa parafujo, si kwa waya,
akalitikisa kwa mikono yote miwili
kama anayemgombeza.

"Kila kiangazi niite nisugue.
Malipo nusu sasa,
nusu serikali ikikukumbuka."

Nimeliweka debe darasani, pamoja na yale matofali mawili.
Wanafunzi huuliza ni somo gani.
Nawaambia ni la upepo.

Sasa mvua ikinyesha twaisikia kwa mbali, juu ya bati,
na moshi unatoka pembeni, umeinama kidogo,
kama mgeni anayepita mlango mfupi.
Kombe limefunikwa. Mwanaharamu anapita.

Lakini Nsimire hafungi dirisha tena,
huliacha wazi upana wa kidole, hata kwa baridi hii.
Nilimuuliza fundi kama huo ni woga.
Akasema: muache.