Mshono wa Shingo

Saa tatu usiku. Wagonjwa wameshatawanyika,
kiyoyozi chakohoa, na joto la Mombasa
laingia chini ya mlango wa risasi
kama mtu asiyejua kubisha hodi.

Mimi na Famau tumemlaza mgonjwa asiyeumwa:
mabamba ya plastiki, moja juu ya jingine,
bila jina, bila mama wa kumngoja nje.
Kati ya bamba la tano na la sita
nimechomeka filamu ya manjano.
Hapa, kwa hesabu, ndipo shingo ya Mejumaa.

Mejumaa ana miaka saba, yuwatoka Mtongwe.
Uvimbe wameshautoa kichwani,
lakini maradhi yake hupenda kusafiri
na maji ya uti wa mgongo,
kwa hivyo sharti tummulike wote, utosi hadi kitokono,
na mashine haina mwanga mrefu kiasi hicho.
Uga mmoja wa kichwa. Uga mmoja wa mgongo.
Zakutana shingoni.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kanzu, Kibokoni.
Kitambaa hakina kosa, akisema,
kosa hukaa penye mshono:
vipande vikipandana, unene wakwaruza;
vikiachana, upepo waingia.
Yeye kosa lake alilifumua kwa wembe.
Langu halifumuliki.

Nyuga zikipandana, uti wapokea mara mbili,
na mtoto aweza kuamka, miezi mingi baadaye,
miguu haimsikii.
Zikiachana, ndani ya kivuli chembamba
maradhi hujikunyata, yakangoja.
Wahenga walituonya juu ya ufa.
Juu ya kuziba kupita kiasi
hawakutuachia neno.

"Tayari?"
"Tayari."
Taa nyekundu. Mlio. Kimya.
Famau ageuza pembe. Mlio.

Filamu haina haraka. Yataka ilale
usiku kucha ndipo rangi itulie.
Asubuhi naitia kwenye skana, kahawa chungu mkononi,
na mstari watambaa kwenye kioo:
mia, mia, mia na moja, mia,
kisha, pale pale shingoni, wasimama kama mwiba:
mia na kumi na nane.
Ukanda wa kijani kizito,
mwembamba kama uzi wa tarizi.

Twatafuta. Hesabu za kompyuta ni safi.
Kitanda ki sawa, nimekiwekea pimamaji mara mbili.
Adhuhuri Famau, chali sakafuni, tochi ya simu mdomoni,
aguna. Taya moja la mashine
lasimama nje ya alama yake
kwa milimita moja na nusu.
Hata sarafu ya shilingi ni nene zaidi.

Twarekebisha. Filamu mpya. Usiku mwingine.
Mia na tatu. Tisini na nane. Mia.
Nami naandika kwenye faili, kwa wino:
kila baada ya siku tano mshono usogezwe sentimita moja,
ili kosa lililobaki, maana hubaki,
lisikae mahali pamoja likazoea.

Jumatatu mamake, Bi Nyamvula, anikabili ukumbini:
"Siku zote hizi mwampima nini mwanangu,
na hata nguo hamjamshonea?"
Nataka kumweleza kivuli, na mwiba, na taya.
Nasema: "Shingo, mama. Shingo ndiyo ngumu."
Acheka, ingawa si kwa macho. Amfunga mtoto leso,
kisha aifungua, maana ndani hairuhusiwi,
na abaki ameishika, haijui pa kuiweka mikono yake.

Mlango wa risasi wajifunga.
Kwenye skrini, mgongo mdogo,
mistari ya leza juu ya ngozi,
na kisogo kimetulia kuliko mimi.
Mlio.
Kidole changu, sikukituma,
chapapasa kola ya koti langu jeupe
chatafuta mahali vipande vilipoungana.
Hakipati.
Pako, lakini. Fundi wake ajua.